Senta wa chuo aliyeumia ana nafasi gani ya kucheza NBA?

Na Mwandishi Wetu

KIJANA mwenye urefu wa futi saba, anayekimbia vizuri na mwenye mikono inayoshika mpira bila kuuponyoka, hahitaji mtu wa kumtangaza katika vyuo vikuu vya Marekani. Makocha humfuata hadi nyumbani kwao, na mawakala huanza kuulizia habari zake kabla hajamaliza mwaka wa kwanza wa masomo.

Lakini kijana huyo huyo akifanyiwa upasuaji wa mguu, akakosa nusu ya msimu, kisha mwaka unaofuata akaumia tena, mazungumzo hubadilika. Watu huacha kuuliza atachukuliwa na klabu gani. Huanza kuuliza kama atacheza mpira wa kikapu wa kulipwa hata siku moja.

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa kwa mhusika. Uamuzi wa kuondoka chuoni au kubaki mwaka mmoja zaidi unaweza kuwa wa mamilioni ya dola, na anayetakiwa kuufanya ni kijana wa miaka 19 au 20 ambaye mguu wake bado unauma.

Kumbukumbu za miaka 40 iliyopita zinaonyesha jambo moja ambalo mashabiki wengi hulisahau. Ni mara chache jeraha humzuia senta mwenye kipaji kikubwa kuingia katika Ligi ya Kikapu ya Kulipwa ya Marekani (NBA). Jeraha huamua mambo mengine matatu: ataingia kwa bei gani, atadumu kwa muda gani, na atalazimika kucheza mchezo wa aina gani akishaingia.

Mzigo wa kuruka na kushuka

Senta ni mchezaji anayekaa karibu na kikapu. Kazi yake ni kufunga kwa karibu, kudaka mipira inayogonga ubao na kurudi, na kuzuia mitupo ya wapinzani. Kazi zote tatu zinahitaji kuruka, na kila anayeruka sharti ashuke.

Mtu mwenye uzito wa kilo 115 anapotua kwa mguu mmoja, mifupa na viungo vyake hupokea nguvu inayozidi uzito huo mara kadhaa. Hufanya hivyo mara nyingi katika mchezo mmoja. Akiwa chuoni hucheza michezo 30 hadi 40 kwa msimu, lakini msimu wa kawaida wa NBA una michezo 82 kabla ya kufika hatua ya mtoano.

Kwa sababu hiyo, klabu inapomtazama senta aliyeumia haijali tu kama amepona vya kutosha kucheza chuoni. Inataka kujua kama kiungo kilichoumia kitahimili mzigo unaozidi mara mbili ule aliouzoea, kwa miaka minne au mitano mfululizo.

Hapo ndipo aina ya jeraha inapokuwa na maana kubwa. Shabiki husikia neno "mguu" au "goti" akadhani ni kitu kimoja, ilhali kwa daktari tofauti ni kubwa.

Jeraha linalotibika

Mfano wa jeraha linalotisha lakini linalotibika ni kukatika kwa ligamenti ya ndani ya goti, ule mshipa mgumu unaozuia mfupa wa chini ya goti usiteleze kwenda mbele. Ligamenti hiyo ikikatika, madaktari hutengeneza nyingine kwa kutumia sehemu ya kano ya mgonjwa mwenyewe. Mchezaji hukaa nje kwa miezi tisa, wakati mwingine mwaka mzima, lakini goti huweza kurudi katika uimara wake.

Nerlens Noel wa Chuo Kikuu cha Kentucky aliumia hivyo Februari 2013, wakati ambapo wengi walimtaja kuwa anaweza kuwa chaguo la kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka huo. Alishuka hadi nafasi ya sita. Haki zake zilihamishiwa Philadelphia 76ers, akakosa msimu wote wa 2013-14.

Aliporudi alicheza michezo 75 katika msimu wa 2014-15 na kuteuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya bora wa ligi. Aliendelea kucheza NBA hadi msimu wa 2022-23. Hakuwa nyota mkubwa kama ilivyotabiriwa, lakini goti lile halikumfungia njia.

Mfupa mdogo, taabu kubwa

Jeraha la pili ni ufa katika mfupa wa navikula. Huu ni mfupa mdogo ulioko sehemu ya juu ya unyayo, katikati ya kifundo na vidole, na hubeba mzigo mkubwa kila mtu anaporuka au kukata kona kwa kasi.

Tatizo la mfupa huo ni kwamba sehemu yake ya kati hupata damu kidogo. Mfupa usiopata damu ya kutosha huunga polepole, na akirudi uwanjani mapema ufa hufunguka upya. Ndiyo maana daktari wa klabu anapoona jina la mfupa huo katika faili la senta, huanza kuhesabu kwa miezi na wala si kwa wiki.

Joel Embiid, aliyezaliwa Yaoundé nchini Cameroon mwaka 1994, anaufahamu mfupa huo vizuri. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, na baada ya muda mfupi alikuwa Chuo Kikuu cha Kansas. Huko alicheza michezo 28 tu katika msimu wa 2013-14, akiwa na wastani wa pointi 11.2 na kudaka mipira 8.1 kwa mchezo.

Machi 2014 aligunduliwa kuwa na ufa katika mfupa wa mgongo, akakosa mashindano ya taifa ya vyuo. Juni mwaka huo, siku chache kabla ya uteuzi, alifanyiwa upasuaji wa navikula ya mguu wa kulia na kuwekewa skrubu mbili. Pamoja na hayo yote, Philadelphia ilimchagua katika nafasi ya tatu.

Miaka mitano baadaye, senta mwingine kijana aliumia mfupa kama huo. Bol Bol, mzaliwa wa Khartoum na mtoto wa marehemu Manute Bol, alikuwa na wastani wa pointi 21 katika michezo tisa ya mwanzo akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, kisha mguu wa kushoto ukamkatisha msimu wa 2018-19.

Yeye alisubiri hadi nafasi ya 44 katika uteuzi wa Juni 2019. Jeraha lilikuwa mojawapo ya sababu, na nyingine ilikuwa wembamba wa mwili wake. Haki zake zilikwenda Denver Nuggets, na mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa njia mbili, ule unaomgawa mchezaji kati ya klabu ya NBA na timu yake ya ligi ndogo. Alicheza mchezo wake wa kwanza wa NBA Agosti 2020, na msimu wa 2022-23 akiwa Orlando Magic alicheza michezo 70.

Wawili hao waliumia mfupa wa aina moja, lakini bei zao zilitofautiana sana. Embiid alipata mkataba wa duru ya kwanza, ambao miaka yake miwili ya mwanzo hulipwa kwa uhakika hata kama mchezaji hajagusa mpira. Anayechaguliwa duru ya pili hana kinga hiyo kikanuni. Hupata kile ambacho wakala wake ataweza kukipigania.

Ugonjwa wa gegedu

Jeraha la tatu ndilo linaloogopwa kuliko yote. Ni kuharibika kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ili zisisagane ndani ya goti.

Gegedu haina mishipa ya damu, hivyo haijitibu yenyewe kama mfupa au ngozi. Mojawapo ya njia za kuitibu ni kutoboa vitundu vidogo katika mfupa ulio chini yake, ili chembe kutoka kwenye uboho zitoke na kutengeneza tabaka jipya. Tabaka hilo husaidia, lakini si imara kama lile la kuzaliwa nalo.

Greg Oden ndiye mfano unaotajwa zaidi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2006 alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono wa kulia, akakosa michezo saba ya kwanza. Aliporudi alikuwa akitupa mitupo ya adhabu kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo aliifikisha timu yake fainali ya taifa Aprili 2007, ambapo alifunga pointi 25 na kudaka mipira 12 katika mchezo waliofungwa na Florida kwa pointi 84 kwa 75.

Portland Trail Blazers ilimchagua wa kwanza Juni 2007, mbele ya Kevin Durant. Mkono ambao wengi waliuulizia ulikuwa umepona. Lakini Septemba mwaka huo, kabla hajacheza hata mchezo mmoja, alifanyiwa upasuaji wa gegedu katika goti la kulia na kukosa msimu mzima.

Desemba 2009 pia ya goti la kushoto ilivunjika. Novemba 2010 alifanyiwa upasuaji wa gegedu katika goti hilo. Portland ilimwacha Machi 2012 akiwa ameichezea michezo 82 tu, sawa na msimu mmoja kamili. Alirudi Miami Heat msimu wa 2013-14 akacheza michezo 23, kisha akaenda China. Mwaka 2019 alimaliza shahada yake Ohio State.

Kisa cha Oden kina funzo kwa wanaotazama faili la senta wa leo. Jeraha linalojulikana siku ya uteuzi si lazima liwe ndilo litakaloamua maisha yake. Mwili mkubwa uliokwisha kuumia mahali pamoja huchunguzwa wote, kuanzia mgongo hadi vidole vya miguu.

Chumba cha vipimo

Uchunguzi huo hufanyika kabla ya uteuzi, hasa katika kambi ya vipimo ambayo NBA huiandaa kila mwaka. Wachezaji walioalikwa hupimwa urefu, uzito na kasi. Kisha huingia katika vyumba vya madaktari, ambako hupigwa picha za mifupa na viungo na kupimwa moyo.

Kwa miaka mingi mawakala walikuwa na uwezo wa kuficha matokeo hayo kwa klabu wasizozitaka. Kanuni zilizoanza kutumika katika uteuzi wa mwaka 2024 zilibana mwanya huo. Mchezaji aliyealikwa sasa hulazimika kushiriki, vinginevyo hapotezi kambi tu, bali hukosa kuteuliwa mwaka huo.

Umuhimu wa vipimo hivyo unaonekana katika kisa cha Sam Bowie, senta wa Kentucky aliyekosa misimu miwili mizima, 1981-82 na 1982-83, kutokana na kuvunjika muundi wa mguu wa kushoto. Alirudi, akacheza mwaka wake wa mwisho chuoni, na mwaka 1984 Portland ikamchagua wa pili. Mbele yake alikuwa Mnigeria Hakeem Olajuwon aliyekwenda Houston. Nyuma yake, katika nafasi ya tatu, alikuwa Michael Jordan aliyekwenda Chicago.

Katika filamu ya maisha yake iliyoonyeshwa mwaka 2012, Bowie alieleza kwamba madaktari wa Portland walipogonga mfupa ule kwa kinyundo aliwaambia hasikii kitu, ingawa kwa kweli ulikuwa ukimuuma. Alikuwa kijana aliyetaka kuwatunza watu wake, na kazi ilikuwa mlangoni.

Msimu wa kwanza alicheza michezo 76. Wa pili alicheza 38, wa tatu mitano, na wa nne hakucheza kabisa. Wengi humtaja kwa masikitiko kwa sababu ya Jordan. Wanachosahau ni kwamba Bowie alicheza jumla ya michezo 511 ya NBA na kudumu hadi mwaka 1995. Kwa mtu aliyekaa nje ya uwanja miaka miwili akiwa chuoni, hayo si matokeo ya kudharauliwa.

Subira ya klabu

Kitu kinachotofautisha waliodumu na walioishia njiani si dawa peke yake. Ni muda waliopewa na walioukubali.

Embiid hakucheza hata mchezo mmoja wa NBA katika misimu ya 2014-15 na 2015-16. Agosti 2015 alifanyiwa upasuaji wa pili wa mguu ule ule. Philadelphia wakati huo ilikuwa ikijijenga upya na haikuwa na haraka ya kushinda, hivyo ilimsubiri. Alipoanza kucheza Oktoba 2016 dakika zake zilihesabiwa, na msimu huo alicheza michezo 31 tu kabla goti la kushoto halijamtoa.

Oktoba 2017 alisaini mkataba mpya wa miaka mitano uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 148. Ndani yake klabu iliweka vifungu vya kujikinga endapo majeraha yake ya zamani yangerudi. Msimu wa 2022-23 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Hata hivyo, si busara kukisimulia kisa chake kama ngano yenye mwisho mwema. Baada ya tuzo ile goti la kushoto lilimrudisha hospitali. Alicheza michezo 39 msimu wa 2023-24 na 19 tu msimu wa 2024-25. Senta aliyewahi kuumia sana huweza kufika kileleni, lakini hulipa gharama ya kukaa huko.

Bill Walton naye alionyesha njia nyingine. Nyota huyo wa UCLA alichaguliwa wa kwanza mwaka 1974, akaipa Portland ubingwa mwaka 1977, kisha miguu yake ikamfanya akose misimu mitatu mizima. Msimu wa 1985-86 alikubali kuwa mchezaji wa akiba Boston Celtics, akicheza dakika 19 hivi kwa mchezo. Ndio msimu alioshiriki michezo mingi kuliko yote katika maisha yake, 80, na aliumaliza akiwa bingwa na mchezaji bora wa akiba wa ligi.

Kubadili mchezo

Njia ya tatu ni kubadili namna ya kucheza. Senta aliyetegemea kuruka juu kuliko wenzake hupungukiwa akiumia, lakini mwenye mikono myepesi na akili ya mchezo huweza kutafuta kazi nyingine uwanjani.

Brook Lopez, aliyetoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008, alicheza michezo yote 82 katika kila msimu kati ya mitatu ya kwanza. Kisha mguu wa kulia ukamwangusha. Alicheza michezo mitano msimu wa 2011-12 na 17 msimu wa 2013-14. Alikuwa senta wa kizamani, mfungaji wa karibu na kikapu.

Katika misimu yake minane ya kwanza Lopez alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Msimu wa 2016-17 peke yake alifunga 134. Alijifunza kusimama mbali na msukumano, akipunguza kugombania nafasi chini ya ubao wakati wa kushambulia. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa akiwa na Milwaukee Bucks, mwaka wa 13 tangu aingie ligi.

Kwa kijana wa chuo anayekaa nje akiuguza mguu, hilo si jambo dogo. Mtu aliyefungwa mguu kwa plasta hawezi kuruka, lakini anaweza kutupa mpira mamia ya mara akiwa ameketi kwenye kiti, na anaweza kutazama picha za michezo hadi azijue mbinu za wapinzani.

Afya peke yake haitoshi

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wao wa karibu unaosaidia kuweka mambo katika mizani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aling'ara Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako msimu wa 2008-09 alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Thabeet hakuwa na historia ya upasuaji mkubwa kama ya Oden au Embiid. Hata hivyo, katika msimu wake wa kwanza alipelekwa ligi ndogo kujifunza zaidi, na baada ya kupitia Houston, Portland na Oklahoma City, safari yake ya NBA iliishia kwenye michezo 224 na wastani wa pointi 2.2.

Ni sawa kusema kwamba mwili mzima usio na ujuzi uliokomaa huweza kukwama mahali ambapo mwili wenye makovu na ujuzi mwingi hupita. Klabu zinapomjadili senta aliyeumia huuliza kwanza: akiwa mzima, anaweza kufanya nini ambacho wengine hawawezi? Jibu likiwa dogo, jeraha huwa sababu ya kutosha ya kumwacha. Likiwa kubwa, jeraha huwa hatari ambayo mtu fulani atakubali kuibeba.

Milango mingine

Hesabu nayo haina huruma. NBA ina klabu 30, kila moja ikiwa na nafasi 15 za wachezaji wa kawaida, yaani 450. Tangu mwaka 2017 ipo mikataba ya njia mbili, ambayo sasa ni mitatu kwa kila klabu. Upande wa pili, vyuo vinavyocheza daraja la kwanza Marekani ni zaidi ya 350.

Kwa senta aliyeumia, mkataba wa njia mbili ndio mlango wa kwanza wa kuangalia. Malipo yake ni madogo kuliko ya mchezaji wa kawaida, lakini klabu humpatia madaktari wake, viwanja vyake na muda wa kurejesha nguvu katika ligi ndogo, bila kelele za mashabiki wengi.

Mlango wa pili ni nje ya Marekani. Ligi za Ulaya, China, Japan na Taiwan huwalipa vizuri wachezaji warefu, na nyingi zina michezo michache kwa msimu kuliko NBA. Thabeet mwenyewe aliendelea na kazi yake Japan na Taiwan baada ya Marekani. Tangu Mei 2021 ipo pia Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoanzia Kigali nchini Rwanda kwa ushirikiano wa NBA na shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Kucheza huko si kushindwa. Ni ajira ya kulipwa, na kwa mguu unaohitaji mapumziko huenda ndiyo ajira inayofaa zaidi.

Kubaki chuoni kumebadilika

Zamani kijana aliyeumia alikuwa na sababu moja kubwa ya kuondoka haraka: chuoni hakulipwa. Kila mchezo wa ziada ulikuwa hatari isiyo na malipo, na goti likivunjika tena alibaki na ufadhili wa masomo peke yake. Waliotabiriwa kufika mbali waliweza kukata bima ya ulemavu, lakini bima si mshahara.

Hali hiyo haipo tena. Julai 2021 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu wanamichezo kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Juni 2025 mahakama ya shirikisho ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kiliwekwa kuwa dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo, kwa michezo yote kwa pamoja.

Aidha, NCAA imekuwa ikiwarejeshea mwaka wa kucheza wachezaji walioumia mapema katika msimu, baada ya chuo kuwasilisha uthibitisho wa daktari. Kwa hiyo senta aliyepoteza msimu anaweza kubaki, akatibiwa, akalipwa na kuonyesha tena uwezo wake.

Mabadiliko hayo yamegeuza ushauri uliozoeleka. Kwa anayetabiriwa kuchaguliwa mapema katika duru ya kwanza, kuondoka bado kuna mantiki, kwa kuwa miaka miwili ya malipo ni ya uhakika na klabu itambeba kama ilivyombeba Embiid. Kwa anayetabiriwa duru ya pili au kutochaguliwa kabisa, mwaka mmoja mzima wa kucheza bila kuumia huenda ukawa na thamani kuliko kitu chochote anachoweza kupewa na klabu leo.

Mambo ya kupima

Shabiki anayetaka kujua kama senta anayempenda atafika NBA baada ya majeraha anaweza kujiuliza maswali manne. Je, kilichoumia ni ligamenti, mfupa au gegedu? Je, ameumia mahali pale pale zaidi ya mara moja? Je, ana ujuzi usiotegemea kuruka peke yake? Na je, klabu itakayomchukua ina muda wa kumsubiri, au inataka kushinda msimu ujao?

Majibu mazuri kwa maswali mawili ya mwanzo humpa nafasi ya kuingia. Majibu mazuri kwa mawili ya mwisho humpa nafasi ya kudumu. Bowie na Oden waliingia kwa kishindo, wakichaguliwa mbele ya wachezaji waliokuja kutikisa dunia. Lopez hakuchaguliwa miongoni mwa tisa wa kwanza mwaka 2008, na bado alikuwa uwanjani wakati wengi wa kizazi chake wamekwisha kustaafu.

Usiku wa uteuzi huwa na taa, suti mpya na machozi ya wazazi, na kila kijana mrefu huuota. Lakini kwa yule ambaye mguu wake umepita mikononi mwa daktari wa upasuaji, siku ya kumpima ni ile mkataba wake wa kwanza utakapokwisha, klabu itakapokaa mezani kuamua kama itampa wa pili. Anayejua hivyo hatakuwa na sababu ya kuficha maumivu kinyundo kinapogonga mfupa, wala ya kurudi uwanjani wiki tatu kabla ya wakati. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa mfupa unaounga polepole, hilo ni agizo la daktari.